Mustang ya 1967: uiendeshe au uifumue?

Ndugu, nimekuelewa: uko Ohio, Marekani, umenunua Mustang, gari la Ford, ya 1967 yenye V8 (injini ya silinda nane), injini inawaka, rangi imechakaa, na hujui uifumue yote au uitumie ilivyo. Mimi ningeiendesha mwaka mzima kabla ya kugusa rangi. Yangu niliifumua ikabaki bodi tupu, ikakaa gerejini miaka mitano, boliti zimejaa kwenye makopo. Kila nikipita pale moyo uliniuma.

Ila breki kwanza. Mipira yake ikiwa na nyufa, badilisha yote, na masta silinda (pampu ya breki) ikaguliwe. Kwenye matairi usitazame kashata tu; soma tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT iliyochapwa ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka yalipotengenezwa.

Kisha mwaga maji kwenye matundu ya chini ya kioo cha mbele, mtu akiwa ndani anaangalia zulia. Likilowa, kutu imeshakula kule. Gari hili halina chasisi ya peke yake, bodi ndiyo inabeba kila kitu. Sakafu iliyooza ni kazi ya fundi wa kuchomelea, si ya kuziba kwa puti. Usiliendeshe mpaka alione.

Halafu angalia herufi ya tano ya namba ya utambulisho wa gari (VIN); ndiyo inayotaja injini. Ikiwa K, hiyo ni ile V8 ya inchi za ujazo 289 yenye nguvu zaidi, adimu sana: usibadilishe hata kabureta kabla mthamini wa magari ya kale hajaiona. Ikiwa C, ile 289 ya kawaida, endesha bila wasiwasi, ila chumvi ya kuyeyusha barafu ikianza kumwagwa barabarani, liingize ndani.