Ukiachwa, chagua vizuri wimbo wa kulilia

Mtu aliyeachwa hashauriki, atasikiliza wimbo uleule hadi majirani wachoke. Basi achague vizuri. Mimi nilipoachana na msichana niliyetarajia kumuoa, nilikimbilia kantri, muziki wa Kimarekani ambao Kenya tumeushika kama wetu. Nyumba ngapi zimekuza watoto kwa sauti ya Jim Reeves na Kenny Rogers redioni?

Niliourudia mno ni wa George Jones wa mwaka 1980, He Stopped Loving Her Today. Mwanamume ameapa kumpenda mwanamke mpaka kufa. Picha yake haitoki ukutani. Kando ya kitanda kuna barua za 1962, na kila palipoandikwa "nakupenda" amepigia mstari mwekundu. Siku anayoacha kumpenda ndiyo siku anayobebwa kwenda kuzikwa. Jones mwenyewe aliuona una majonzi kupita kiasi, akadhani hautanunuliwa. Ukashika namba moja kwenye chati za kantri Marekani.

Ni wimbo mtamu ajabu, lakini usiufuate. Mstari wangu mwekundu ulikuwa kwenye WhatsApp: jumbe zake tamu zote nilikuwa nimeziwekea nyota, usiku nazisoma moja baada ya nyingine. Sikufuta kitu. Niliondoa nyota tu, ili nikitaka kusoma "nimekumiss" nilazimike kuitafuta katikati ya ugomvi wa kodi na kununiana wiki nzima. Jaribu. Hamu ya kusoma itapungua yenyewe.

Kisha hamia kwa Dolly Parton, naye mwimbaji wa kantri. I Will Always Love You wengi tunaijua kwa sauti ya Whitney Houston, tena watu huipiga harusini, wimbo wa kuagana! Dolly aliuandika mwaka 1973, akitaka kuondoka kwenye kipindi cha televisheni cha Porter Wagoner, mtu aliyemwinua. Alimwambia nitakupenda daima, na akaondoka. Wagoner baadaye alimshtaki mahakamani, wakamalizana. Mwaka 2007, Wagoner alipokuwa mahututi, Dolly alikwenda kumwona.

Kama bado unampenda, mpende, hakuna anayekudai uwe umeacha kufikia mwisho wa mwezi. Ila uwe umeondoka kweli: rudisha funguo, lipa deni lake, na saa sita za usiku simu iwe mbali na kitanda. Jones naye msikilize mchana, mikono ikiwa na kazi. Mimi humweka nikifua.