Mwanangu, kuhusu ile risiti ya baba yako mdogo

Mwanangu, meseji yako nimeisoma usiku usingizi ukakata. Unauliza baba yako mdogo kumlipia mdogo wako ada halafu risiti akairusha kwenye grupu la ukoo wote waione, je huo bado ni ukarimu? Ngoja kwanza, maana hapo umenigusa penyewe.

Mwaka 1996 vita ilipofika Uvira watu wa Zaire walivuka ziwa kwa maboti kuja Kigoma, na bibi yako alienda Kibirizi kununua dagaa akarudi na mama mmoja na binti yake wa rika langu, kanga zimelowa chapachapa. Bibi yako unamjua, aliwatengea ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese kisha akaenda kukaa uani, eti mgeni haangaliwi akila. Yule binti akapewa gauni langu la Idi, lile la njano lenye kola nyeupe, mimi sijaulizwa. Nilinuna. Kesho yake tuko bombani anacheka na wenzangu, nikasema kwa sauti, "Hilo gauni langu hilo, mmeliona?"

Hakujibu. Jioni nikalikuta kwenye mkeka wangu, limefuliwa, limekunjwa, kola bado mbichi, na yeye kavaa blauzi yake aliyovuka nayo, kwapani imechanika kaishika kwa pini. Bibi yako akanitazama tu, heri angenichapa. Baadaye wakapelekwa kambi ya Lugufu, sikumwona tena, na lile gauni sikulivaa mpaka likanibana.

Ndo maana nawaambia kila siku mpaka mnanichoka, kutoa si kazi, kazi ni kunyamaza ukishatoa. Kutoa ni moyo usambe ni utajiri, sawa, lakini masimango yanakirudisha kile ulichotoa. Ila tena najiuliza, bibi yako si alitoa gauni lisilo lake? Na baba yako mdogo hela ni jasho lake, usiku kucha ziwani na taa za dagaa, mtoto leo yuko darasani. Labda risiti aliituma ili shangazi zako wasichange mara mbili. Hapana, angenitumia mimi. Lakini kalipa, na wengine wote tulikaa kimya.

Usiniulize kama ni muungwana, jibu ninalo na ulimi unaniwasha, ila ni shemeji yangu, sitaki kuliandika. Mdogo wako nimemwambia ampigie amshukuru kwa sauti yake, akaitika. Ila na yeye yumo kwenye lile grupu. Juzi kanipigia anauliza akiuza simu yake atapata shilingi ngapi.