Jibu: Mfumuko wa bei "umeshuka" lakini sokoni bei iko palepale

Habari mkuu. Nimekuelewa: wanakikundi wenu wakisikia NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania) imetangaza mfumuko wa bei wa asilimia 3 na ushee, wanasema takwimu zimepikwa, maana unga haujashuka hata shilingi.

Anza na neno lenyewe, "mfumuko wa bei": ni kasi ya bei kupanda. Kwenye kikundi chetu niliazima daftari la dada mwenye genge nikalisoma kwa sauti. Kilo ya unga ilikuwa 1,500, mwaka uliofuata 1,800. Hiyo ni asilimia 20. Mwaka wa tatu ikawa 1,850, yaani chini ya asilimia 3. Bei imepanda mara zote mbili. Kilichopungua ni kasi. Watu walinyamaza kidogo, halafu maswali yakaanza, tena mazuri kweli.

Kisha fungueni taarifa ya mwezi kwenye tovuti ya NBS, msiishie kwenye kichwa cha habari. Tafuteni jedwali la makundi: chakula kina mstari wake, usafiri una wake. Mtu ambaye kipato chake karibu chote kinaishia jikoni asome mstari wa chakula, maana wastani wa taifa haumwelezi yeye. Mizania ya kapu, yaani uzito ambao kila kundi la bidhaa linapewa kwenye hesabu, hutokana na utafiti wa matumizi ya kaya, kama ule wa 2017/18.

Wakikukumbusha marekebisho ya 2018 ya Sheria ya Takwimu yaliyobana wanaopinga takwimu za serikali, usiwabishie. Hofu ile ilikuwa ya haki, na sheria ikalegezwa 2019.

Uko mkoa gani? Sema, tulipitie jedwali la mwezi huu pamoja hapahapa.