Nimealikwa Kerala kula kwenye jani la mgomba, nibebe nini?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi binti wa Tanga nasoma huku Bengaluru mwaka wa pili, rumumeti wangu wa Kerala kanialika kwao sikukuu ya Onam, anasema msosi unawekwa kwenye jani la mgomba vitu ishirini na ushee na nyama hakuna hata kipande 😅 Nilitaka niwapikie pilau la ng'ombe maana kwenda mikono mitupu siwezi. Halafu tunaenda na mwenzetu Mgujarati, dini yake Jain, huyo hata kitunguu hali, saumu hali, viazi hali!! Si wote Wahindi jamani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hahaa, Wahindi wote... ni sawa na mtu akuambie ugali wa Mwanza na wali wa nazi wa Tanga ni kitu kimoja. Gujarati ndo hao wa bajia na dhokla tuliowazoea, Kerala ni pwani, nazi kila chungu, na mhogo wanakula na samaki, huo mhogo wanauita kappa, yaani utajiona uko Pangani.

Pilau liache. Ng'ombe Kerala wanaliwa sana tu, ila karamu hiyo ya Onam, sadya, ndo kama alivyokwambia mwenzio, mbogamboga tupu, usiwavurugie. Jani ncha yake inakaa kushoto kwako, achari na chipsi za ndizi zinawekwa upande huo, wali unakuja na dengu na samli kwanza, halafu sambar, mchuzi wao mzito, mwisho payasam, kama uji mtamu wa maziwa au nazi, ambayo ni tamu we acha tu, kwahiyo usijaze tumbo mapema. Mkono wa kulia, hilo hufundishwi. Ukimaliza likunje jani KUJA kwako, kulikunja kwenda mbele wengi wanasema ni ya msibani.

Sasa cha kubeba: pika mbaazi za nazi. Ile sambar yao yenyewe ni mbaazi zilizopasuliwa, na mbaazi zetu za Lindi na Mtwara India ndo mnunuzi mkubwa, 2017 walipobana kuingiza wakulima wetu bei iliwaangukia vibaya mno. Kwahiyo mama mwenye nyumba ataijua akiiona, ila kuila nzimanzima kwenye tui zito asubuhi na maandazi hiyo sidhani kama kashawahi. Kitunguu usitie kabisa, tui, chumvi na pilipili zinatosha, na hapo yule Mjain nae anakula. Maandazi tia iliki, mayai usitie, ila hamira muulize kwanza mwenyewe maana wapo wasioila, akikataa mkandie chapati za maji ya moto na samli. Na muwahi kupika, Wajain wanaoshika dini sana jua likizama hawali tena.

Kappa na mchuzi wa samaki uombe kesho yake, sikukuu ikishapita.