Upinde wa puli wa zamani: naweza kubadili kamba nyumbani bila presi?

SWALI: Habari fundi. Niko Iowa, Marekani, nimeokota upinde wa puli wa miaka ya 80 kwenye garaji seli (watu wanauza vitu vyao vya zamani nyumbani), umeandikwa nguvu ya kuvuta ni paundi 60. Kamba ina nyuzi zimekatika katikati, waya za pembeni ni za chuma. Sina presi, ile mashine ya kubana upinde. Si nalegeza tu bolti za mikono ya upinde (vile vipande viwili vinavyopinda) naitoa?

JIBU: Salama ndugu. Kwanza usiuvute tena, hata kwa kujaribu.

Kulegeza bolti peke yake haitoshi, hapo ndo wengi wanachemsha. Upinde wa kawaida usio na puli unaukunja kidogo kamba inatoka, ila huu wa puli, ambao Holless Allen wa Missouri alipewa hataza yake 1969, kamba na waya vinavutana muda wote hata ukiwa umetundikwa ukutani, so ukikata kamba puli zinazunguka ghafla, mikono ya upinde inafyatuka na waya zinaruka hovyo.

Bahati yako ni hizo waya za chuma. Cheki kamba inapoungana na waya, kuna kichuma chenye umbo la tone la maji, na vingi vina ndoano mbili, moja imeshika kamba na nyingine iko tupu. Hiyo tupu ndo ya kazi hii. Kama kitanzi cha kamba kimekaa kwenye puli yenyewe, achana nayo, peleka dukani wenye presi.

Kabla ya kununua chochote pitisha pamba taratibu kwenye mikono yote miwili ya upinde, juu na chini na kwenye kingo, ikinasa sehemu angalia vizuri maana inaweza kuwa ufa. Halafu waya, hasa zinapoingia kwenye puli: ukiona hata uzi mmoja wa chuma umekatika au kutu imetoka chini ya plastiki, huo upinde ni pambo mpaka waya zibadilishwe.

Upinde ukiwa mzima, legeza bolti zote mbili sawasawa, mimi sizidishi mizunguko mitatu, bolti ikichomoka ni balaa. Tafuta kamba imara yenye vitanzi, ivishe kwenye zile ndoano tupu, kaa chini, kanyaga mshikio kwa miguu miwili, vuta hadi kamba ya zamani ilegee. Mwenzako aitoe avishe mpya, wewe rudisha polepole, usiachie. Wote vaeni miwani ya kazi. Huna mtu wa kukusaidia? Subiri apatikane.

Kamba nunua ya Dacron (uzi wa poliesta), urefu uleule, usidanganywe na hizi za kisasa zisizovutika, mikono ya pinde za zamani haikutengenezwa kwa mshtuko wake. Dacron inarefuka mwanzoni, kwa hiyo kaza bolti mizunguko ileile, piga mishale kadhaa, ndo upime umbali wa kamba hadi mshikio na kuweka alama ya kuchomekea mshale. Nta pakaa kwa vidole mpaka ipate joto iingie, ila sehemu ya katikati iliyozungushiwa uzi haihitaji.