Gari Ikichemsha Kwenye Foleni, Usikubali Themostati Ing'olewe

Msomaji wa Mbagala ameuliza: Corolla yake ya 1998 inachemsha kila akikwama foleni ya Kilwa Road, ila akipata barabara nyeupe mshale wa joto unashuka wenyewe. Fundi anataka kung'oa themostati, yaani vali inayofunguka maji yakipata joto ili yapite kwenye rejeta. Ndugu yetu, kataa.

Dalili umeitaja mwenyewe. Gari ikitembea, rejeta inapozwa na upepo. Ikisimama, inategemea feni. Kwa hiyo anza na feni. Ingekuwa inachemsha kwenye mwendo mkali, ningekuambia uangalie rejeta iliyoziba, maji yaliyopungua au pampu ya maji.

Washa injini, washa AC. Feni ya rejeta haizunguki? Kagua fyuzi yake, kwa kawaida ya ampea 30. Ikiwa nzima, badilishana rilei (swichi ya umeme) ya feni na nyingine yenye namba ileile ndani ya boksi hilohilo. Bado? Zima gari, chomoa soketi ya feni, uipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, mikono ikiwa mbali na mapanga. Ikigoma, au ikishtuka tu baada ya kugongwa, huenda makaa ya mota (vipande vinavyopitisha umeme ndani yake) yamelika hadi hayagusi tena. Fundi umeme mzuri hubadilisha makaa peke yake. Si lazima ukimbilie maduka ya spea ya Gerezani kununua mota nzima.

Sasa themostati. Ukiing'oa, injini inachelewa kupata joto, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta kana kwamba ni asubuhi ya baridi, na unalalamika gari inakula. Kwenye baadhi ya injini hali ni mbaya zaidi: njia ya mkato ya maji inabaki wazi, maji ya moto yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Unashuku imekufa? Itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni. Inaanza kufunguka karibu nyuzijoto 82. Maji yakikaribia kutokota iwe wazi milimita 8 au zaidi. Isipofunguka, weka mpya, kitundu chenye kipini kikitazama juu.

Mfuniko wa rejeta nao usidharauliwe. Ule ulioandikwa 0.9 (shinikizo kwa bar) huzuia maji kuchemka hadi karibu nyuzi 118. Mpira wake ukipasuka, yanachemka kwenye 100. Na jamani, maji ya kisima cha chumvi hayafai! Yanajenga ukoko ndani ya rejeta na kula aluminiamu ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini. Changanya kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa ya betri, si asidi. Soma chupa vizuri.

Ikichemsha barabarani, zima, subiri angalau nusu saa, usifungue mfuniko wala kumwagia injini maji baridi: silinda hedi hupinda.

Ukimaliza kujaza kulanti, acha injini iungurume mfuniko ukiwa wazi na hita kwenye joto la juu. Mapovu yatatoka, maji yatashuka, ongeza. Hozi ya juu ikiwa moto na feni ikiwaka mara mbili, funga. Mapovu yakiendelea bila kukoma, au oili ikifanana na chai ya maziwa, gasketi ya hedi imeungua, na hapo peleka kwa fundi.