Barua kwa mwanangu: Waandike kwanza, waseme baadaye

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema tangu wakukabidhi zamu pale kwenye kituo cha kufungashia maparachichi Njombe, meneja anataka timu yako ya watu 12 "iwe na ubunifu", na kila Jumatatu ukiuliza nani ana wazo, wote wanatazama sakafu. Halafu umeniuliza kama ubunifu unafundishika au ni kipaji cha wachache.

Unafundishika. Na mawazo hao watu wako wanayo tayari. Anayesimama kwenye meza ya kuchambulia kutwa nzima anaijua kasoro ya kazi ile kuliko yeyote aliye ofisini. Kinachomfunga mdomo ni namna anavyoulizwa. Kwetu huku mdogo hamkatizi mkubwa, na kijana aliyeajiriwa juzi hawezi kumpinga mama mtu mzima mbele ya watu. Heshima hiyo usishindane nayo, ina kazi yake. Tafuta utaratibu ambao hautamlazimisha mtu achague kati ya adabu na wazo lake.

Wengi huanza na kubungua bongo: watu wanakaa pamoja, kila mtu anataja lolote linalomjia, na hakuna kukosoa. Aliyeueneza mtindo huo ni Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara Marekani, na kanuni zake ni nzuri: usihukumu mapema, taja mengi, ruhusu hata la ajabu, jenga juu ya wazo la mwenzako. Lakini mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliupima. Watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakaunganishwa, walitoa karibu mara mbili ya waliokaa kundi moja wakizungumza. Sababu si ngumu kuiona. Anasema mmoja, wengine wanasubiri, na wakisubiri wanasahau au wanajikatia tamaa kimoyomoyo. Mwingine anaona mbona fulani anaongea vya kutosha, naye anapumzika. Ongeza uwepo wako wewe msimamizi, kimya chote hicho kimepata maelezo.

Kabla ya kalamu, rekebisha swali. "Tuongezeje ufanisi?" ni pana mno, halina pa kushika. Chukua tatizo moja uliloniandikia: matunda yanayofika bila kikonyo. Unajua hasara yake: kikonyo kikichomoka, ukungu unapata mlango na tunda linaoza kuanzia juu, pengine likiwa tayari melini. Sasa nenda mapokezi na daftari kwa siku 3. Kila gari linaposhusha, chukua matunda 100 kutoka kreti tofauti, za juu na za chini, uhesabu yasiyo na kikonyo. Andika limetoka kijiji gani, lilichumwa saa ngapi, kwa mkasi au kwa mkono. Ukimaliza, swali litajiunda lenyewe, kwa mfano: "Tufanyeje ili yanayofika bila kikonyo kutoka kwa wachumaji wa mbali yapungue kwa nusu mwezi huu?" Hapo mtu ana pa kuanzia. Hesabu hizo zitunze, utazihitaji tena.

Kisha kaa na timu asubuhi, magari ya mashambani yakiwa bado hayajaingia. Mwisho wa zamu watu wamechoka, utapata mawazo ya kumalizia kikao. Wagawe meza mbili, watu sita sita. Kila mtu apewe karatasi ya A4 yenye safu 3 kwenda chini na mistari 6 kwenda pembeni, na swali limeandikwa juu kwa ukamilifu. Dakika 5, kila mtu anaandika mawazo 3 kwenye mstari wa kwanza, bila jina, bila kuongea. Muda ukiisha anampa wa kulia kwake. Anayepokea anasoma yaliyopo, anaongeza 3 kwenye mstari unaofuata: anaweza kuendeleza la mwenzake au kuleta jipya. Mizunguko 6 ni dakika 30, na kila meza inabaki na mawazo 108. Njia hii aliieleza Mjerumani Bernd Rohrbach mwishoni mwa miaka ya 1960, nami naona inatufaa sisi kuliko hata walioibuni.

Kitu kimoja kitakutia wasiwasi: mstari wa kwanza karatasi zote zitafanana. "Wapewe semina", "wapewe mikasi", "wakatwe bei". Usikatishe. Yanayokuja haraka ndiyo yaliyozoeleka, na yenye upya huja baada ya hayo kuisha. Kuanzia mstari wa tatu ndipo utaona mtu kaandika mkasi ufungwe kwa kamba kwenye mfuko wa kuchumia usisahaulike, au kreti iwekwe alama ya rangi kwa kila mchumaji ili kosa lijulikane lilikotoka. Atakayepata shida ya kuandika mpe mwandishi, ila mwandishi aandike maneno yaleyale aliyoambiwa, asiyanyooshe. Mchoro nao unakubalika. Na wewe usikae mezani.

Kuchagua kufanyike siku nyingine. Ukichanganya kuzalisha na kuhukumu, anayependa kukosoa ataua kila kitu kabla hakijasimama. Bandika karatasi ukutani, unganisha yanayofanana, kila mtu apewe alama 3 za kuweka anapotaka. Wewe weka zako mwisho kabisa, maana ukianza wewe, wote 12 watakufuata kwa adabu tu. Yaliyoongoza yapime kwa maswali manne: linagharimu kiasi gani, tutajua lini kama limefaa, likishindikana tunaweza kurudi tulipokuwa, na linagusa usalama wa chakula au la. Hilo la mwisho ni mpaka. Dawa kwenye maji ya kuoshea, joto la chumba cha baridi na kumbukumbu za kufuatilia mzigo si mahali pa kujaribia bila mdhibiti ubora.

Lililopita lijaribiwe dogo: kikundi kimoja cha wachumaji, wiki 2, mtu mmoja anayelisimamia, na hesabu ileile ya matunda 100. Kosa la kawaida ni kubadili mambo matatu kwa mpigo, kisha hakuna anayejua lipi lilisaidia.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo timu nyingi zinapofia. Sanduku la maoni halifi kwa kukosa maoni, linakufa kwa kukosa majibu. Mtu akiandika mara mbili bila kusikia neno, hataandika ya tatu, na atawaambia wenzake wasijisumbue. Weka ubao pale mnapobadilishia nguo, wenye sehemu tatu: limepokelewa, linajaribiwa, limeamuliwa. Kila wazo lijibiwe ndani ya siku 7. Likikataliwa, andika sababu ya kweli, "mkanda mpya ni ghali kuliko bajeti ya mwaka huu", si "tutalifanyia kazi". Wenzetu wa Toyota wamekuwa na mfumo wa mapendekezo ya wafanyakazi tangu 1951, na nguvu yake iko kwenye uboreshaji mdogo mdogo usiokoma. Zawadi iwe ndogo na iende kwa timu. Ukitangaza fedha nyingi kwa wazo moja, watu watafichana na kugombea nani alianza.

Kwako binafsi nina machache. Tenga dakika 20 asubuhi, simu ikiwa mbali, uandike kitu kimoja ulichokiona jana kikakushangaza na njia 10 za kukishughulikia, hata kama 7 ni za hovyo. Ukikwama, acha, fanya kazi ya mikono, kisha urudi. Mara nyingi jibu huja ukiwa umeliweka tatizo pembeni, ila lazima kwanza uwe umelisumbukia kwa dhati. Na utembee kwenye kazi za watu wengine. Ukipata ruhusa ingia kiwanda cha chai, ingia kiwanda cha maziwa, uone wanavyopokea mzigo na wanavyofuatilia kasoro. Ubunifu mwingi ni kuazima kwa macho. Pale Hospitali ya Rufaa Mbeya, kuanzia 2007, walichukua utaratibu uliokomaa kwenye viwanda vya Japani wakauingiza wodini na stoo ya dawa: sasambua (ondoa visivyohitajika), seti (kila kitu mahali pake), safisha, sanifisha (wote wafuate utaratibu mmoja), shikilia (udumishe). Anayepanga dawa na anayepanga vipuri wana shida moja, kitu kionekane upesi kinapohitajika.

Meneja naye mwandae mapema. Mwombe vitu viwili tu kabla hujaanza: nusu saa ya asubuhi ambayo haitakatwa, na ahadi kwamba hatamfokea mtu kwa jaribio lililofuata utaratibu likashindwa. Akikunyima la pili, subiri kwanza mwelewane, kwa sababu mfanyakazi mmoja akiaibishwa hadharani, karatasi zako zitarudi tupu kwa muda mrefu.

Ukimaliza hesabu za siku 3 nitumie picha ya daftari, tulitengeneze swali pamoja kabla ya Jumatatu. Na uvae sweta, najua baridi ya huko asubuhi.

Mama yako,
Tukuyu